Usipeleke kwa mchapaji kwanza

Sakina, Arusha
Jumapili, mvua bado inaendelea

Kaka Elisante,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo, ila tope. Godi ameifikisha bahasha yako salama, imelowa pembe moja tu, na kurasa za ile kamusi yako ya Kiingereza na Kiswahili ya waongoza wageni wa Kilimanjaro zinasomeka zote. Kabla sijakupongeza kwa lolote naomba jambo moja: usipeleke kwa mchapaji kwanza. Mpigie simu leo hii, mwambie asubiri. Ukurasa wa herufi P una tatizo, na tatizo lenyewe limetambaa hadi B, D na T.

Umeandika "pierce": toboa. "Penetrate": toboa. "Perforate": toboa. "Puncture": toboa, pancha. "Bore": toboa. "Drill": toboa kwa mashine. Kaka, ukitoboa kila kitu namna hii kitabu chote kitavuja.

Naelewa ulichokuwa unatafuta. Vijana wa mlimani wanataka neno moja la kushika haraka, na toboa ni neno zuri, kila mtu analijua. Lakini mfikirie mwongoza wageni yuko kambi ya Barafu usiku, mgeni anamwambia ana "piercing pain" kifuani. Anafungua kitabu chako, anakuta "maumivu ya kutoboa". Anabaki anajiuliza nani katoboa nani. Wakati Kiswahili kina kichomi, neno ambalo hata bibi yake Machame analitumia! Na maumivu ya kifua kwenye mwinuko ule si jambo la kukisia, mgeni akiongeza kuishiwa pumzi anateremshwa, hakuna mjadala. Kwa hiyo usidhani nabishana na wewe kwa ajili ya unadhifu tu.

Tuanze na maana, asili nitakuja nayo. Ukitaka kuyatenganisha haya maneno, jiulize kinachoingia ni nini, kina ncha au hakina, kimeacha tundu au hakikuacha, na kimetokea upande wa pili au kimeishia ndani. Ukijibu hayo, kidahizo, yaani neno pamoja na maelezo yake kwenye kamusi, kinajiandika chenyewe.

"Pierce" inataka ncha. Sindano, mwiba, mkuki, msumari. Au kitu kinachofanya kazi ya ncha ingawa hakina: baridi, mlio, macho ya mtu, maumivu. Hapo ndipo zinapotoka "piercing cold" na "piercing eyes". Za kwanza Kiswahili kinasema baridi inayopenya hadi mifupani, au inayochoma. Za pili ni macho makali, basi, usiandike macho yanayotoboa, utawatisha watoto. Mlio nao unapasua masikio. Unaona? Kiingereza kina kitenzi kimoja, sisi tunabadili kulingana na kinachoumia.

Kwa masikio yenyewe, tafadhali rudisha neno toga. Umeliacha kabisa, na hapo umenishangaza, maana mikoa yetu hii ndiyo yenye masikio yaliyotogwa kuliko mengi nchini. Sikio linatogwa, pua inatogwa, na tundu la ncha ya chini ya sikio lina jina lake, ndewe. Kinachovaliwa puani ni kipini. Angalia pia mtego huu: "ear piercing" dukani ni huduma ya kutoga masikio, lakini "ear-piercing" mbele ya neno la kelele ni kelele kali mno. Mwanafunzi asipoonyeshwa hilo ataandika kwamba yowe limetoga masikio.

"Penetrate" inatazama safari ya kuingia, habari ya tundu haiihusu. Maji yanapenya udongo, mwanga unapenya pazia, harufu ya mbege inapenya ukuta na hakuna aliyetoboa ukuta. Mfano mzuri kwa mafundi ni ile oili ya kulegeza nati iliyoshika kutu, ambayo wengi huiita kwa jina la kopo tu. Kwa Kiingereza ni "penetrating oil". Ni nyepesi, inajipenyeza kwenye nafasi nyembamba kati ya rezi za bolti na rezi za nati, inaifikia kutu iliko. Chuma hakitoboki hata chembe. Ukiandika "oili ya kutoboa", fundi wa Majengo atakurudishia kitabu na kudai hela yake.

"Perforate" ni matundu, mara nyingi mengi na yamepangwa mstari, ili kitu kichanike au kipitishe. Stempu ndiyo mfano wa kufundishia. Stempu ya kwanza ya Uingereza ya kubandika, ya mwaka 1840, haikuwa na vitundu pembeni. Makarani walikata kwa mkasi. Zenye vitundu zilianza kutolewa rasmi mwaka 1854. Ila hospitalini neno hilohilo linashuka hadi tundu moja: utumbo wa mgonjwa wa taifodi ukitoboka, hiyo ni "perforation", na ni dharura ya upasuaji. Hapa ndipo toboka inapokaa sawasawa, katika kauli ya kutendeka, kwa sababu hakuna aliyetoboa kwa kukusudia.

"Puncture" ni tundu dogo na mara nyingi kuna kitu kinatoka: hewa ya tairi, au maji ya uti wa mgongo daktari anapoyachukua kwa sindano kiunoni. Pancha umeiweka, safi. Toa hiyo toboa iliyo mbele yake.

"Bore" na "drill" ni kazi ya kuzungusha, na hapa kaka naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu Kiswahili kinakushinda wewe na Mwingereza wako pamoja. Tuna pekecha. Kupekecha ndiko kuzungusha kitu huku unakikandamiza kiingie. Wazee walipekecha moto kwa vijiti, seremala anapekecha ubao kwa keke. Keke ni chombo, kekee usiichanganye naye, hilo ni pambo la mkononi. Kisima kirefu kinachimbwa, hakipekechwi wala hakitobolewi. Na "drill" ya askari ni kwata. Neno la Kiingereza limetoka Uholanzi, "drillen", kuzungusha, kutoboa kwa kuzungusha, likaingia karne ya 17 pamoja na maana ya kuwazoeza askari. Wale wanajeshi kweli walizungushwa uwanjani.

Sasa asili. Safu yako ya asili imeandikwa "Kiing." kutoka juu mpaka chini. Hiyo ni sawa na kuandika kabila la Mmarangu kuwa ni binadamu.

"Pierce" ilikuja na Wafaransa. Wanormani waliivamia Uingereza mwaka 1066, wakatawala kwa Kifaransa chao, na maneno yakamiminika kwa muda mrefu baadaye. Kifaransa cha kale kilikuwa na "percier", leo "percer". Katika Kiingereza inaonekana tangu karibu mwaka 1300. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anaanza hadithi zake za mahujaji kwa mvua za Aprili zilizoupenya ukame wa Machi hadi mzizini, na kitenzi alichokitumia ni hikihiki. Kwa mtu wa Kilimanjaro hilo halihitaji ufafanuzi, ni kalenda yetu ya masika kabisa. Ukipata nafasi ya mfano mmoja wa kale kitabuni, tumia huo.

Nyuma ya Kifaransa kuna Kilatini. Wataalamu wengi huitoa "percier" katika umbo la mitaani lisiloandikwa, lililojengwa juu ya "pertusus", na hiyo ni ya kitenzi "pertundere". "Per" ni kupitia mpaka ng'ambo, "tundere" ni kupiga, kutwanga. Kwa hiyo mwanzo wake ni kupiga mpaka kitu kitokee upande wa pili. Ukiwa na "tundere" mkononi unafungua milango mingine: "contusion" ya kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, yaani kupondeka kwa mwili bila ngozi kuchanika, na "obtuse", butu, kitu kilichopigwa ncha ikalala, ndiyo hiyo pembe butu ya darasani.

Usije ukanogewa ukaingiza "pertussis" humo. Inafanana lakini si ndugu. Kifaduro ni "per" na "tussis", kikohozi. Tena usimpe mtu anayeitwa Pierce asili hii. Jina hilo limetokana na Piers, ambayo ni Petro kwa Kifaransa cha kale, na Petro ni mwamba. Franklin Pierce aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 1853 hadi 1857 ni akina Petro, hana uhusiano na sindano.

"Penetrate" ni Kilatini moja kwa moja, iliingia karne ya 16 kwa mikono ya wasomi. "Penitus" ni ndani kabisa, na iko jirani na "penus", akiba ya chakula ya nyumba, iliyowekwa sehemu ya ndani. Warumi walikuwa na miungu yao ya stoo na nyumba, Penates, jina la ukoo huohuo. Yaani mzizi wa neno hili ni kule ndani wasikofika wageni. Kumbuka hilo, nitalirudia.

"Perforate" ni "per" na "forare". Hapa kuna uhondo. "Forare" ya Kilatini na "bore" ya Kiingereza ni ndugu wa damu, wametoka kwa babu mmoja kabla hizo lugha hazijatengana. Neno lenye f mwanzoni katika Kilatini mara nyingi lina b katika Kiingereza: "frater" na "brother", "ferre" na "bear". Kwa hiyo mtu akiandika "perforate" na "bore" katika sentensi moja ameita ndugu wawili, mmoja aliyebaki nyumbani na mmoja aliyesomea Roma. Madaktari wana "foramen", tundu la mfupa. Lile kubwa la chini ya fuvu unapopita uti wa mgongo linatoka hapo.

Na Kiingereza chenyewe, kabla ya Wafaransa na Kilatini, hakikuwa na lake? Kilikuwa nalo, nawe umelikalia pale T bila kujua. "Thrill"! Umeandika "msisimko", sahihi, lakini umeacha lililo tamu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "þyrel", tundu, kutokana na "þurh", kupitia, ambayo leo ni "through". Kitenzi chake kilikuwa kutoboa. Herufi zikahamana, r ikaruka mbele ya irabu, tukapata "thrill", na mwishoni mwa karne ya 16 ikawa inasemwa kwa hisia inayompenya mtu mwilini. Maana ya tundu ikafa, ikabaki mahali pamoja tu: "nostril", tundu la pua, zamani "nosþyrl". Wanafunzi wako wakilia kwamba "nostril" haishikiki, waambie nusu ya pili ni "thrill" iliyojificha, hawatasahau tena. Hata alama ile ya þ waonyeshe, ni th tu.

Nirudi kwenye lile la ndani kabisa. Kwenye barua yako unasema makarani wa mahakama nao wameagiza nakala. Elisante, hapo ndipo ukurasa wa P unapoacha kuwa mzaha. Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130(4), kosa la kubaka linathibitishwa na "penetration" hata ikiwa kidogo kiasi gani. Asili ya neno inasema ndani kabisa, sheria inasema kidogo tu kinatosha. Karani akichukua toboa yako, au hata penya, ambayo masikioni mwetu ina harufu ya kupita mpaka ng'ambo, atakuwa ameongeza kipimo ambacho sheria haikuweka, na shahidi mtoto ataulizwa swali lisilotakiwa. Andika "kuingiza, hata kwa kiasi kidogo", na uweke alama kwamba ni maana ya kisheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo haya maneno hayaishii kwenye daftari la mkalimani tena, yanaingia kwenye hukumu.

La pili la mahakamani ni jeraha. Wapasuaji wa maiti wanatofautisha "penetrating wound", kitu kimeingia hakikutoka, na "perforating wound", kimeingia kikatokea upande wa pili. Risasi ya kwanza bado imo mwilini, inatafutwa. Ya pili inatafutwa ukutani au ardhini. Kwako zote ni "jeraha la kutoboa". Ningeandika jeraha la kuingia tu, na jeraha la kuingia na kutokea. Marefu kidogo, lakini hayampotezi mtu.

Matamshi nayo. Uliandika "piasi" kwa mabano. Iondoe hiyo i ya mwisho, ni silabi moja, inaishia na s kavu. Akiiishia na z atakuwa amesema "peers", wenzake wa rika. Akiivuta bila ule mlio wa a katikati amesema "peace". Wakati uliopita "pierced" bado ni silabi moja, mwisho wake unasikika st. Kosa la darasani ni "piasedi". Na i inatangulia e, wengi wanazigeuza.

Basi kidahizo ningekiandika hivi, ukipenda nakili: pierce, kitenzi elekezi. Moja, toboa kwa kitu chenye ncha. Mbili, toga, kwa sikio au pua. Tatu, penya au choma, kwa baridi na maumivu. Pasua, kwa mlio. Asili: Kifaransa cha kale percier, huenda kutokana na Kilatini pertundere. Mfano mmoja wa mlimani, mmoja wa nyumbani. Mistari mitano, sita. Puncture, perforate na penetrate uzipe kila moja mistari mitatu, na mwisho wa kila moja uandike "linganisha na" halafu majina ya wenzake. Hiyo "linganisha na" itakuokoa kuliko fasili ndefu. Tunga usiitie humo, kutunga shanga ni kupitisha uzi kwenye tundu ambalo tayari lipo. Zibua na tumbua pia ziache, moja ni ya bomba na nyingine ya jipu.

Toboa yenyewe nayo ipe heshima yake upande wa Kiswahili kwenda Kiingereza. Kutoboa siri hakuna "pierce" ndani yake. Na huyu kijana wa stendi anayesema mwaka huu lazima atoboe, anataka kufanikiwa maishani, ukimpa "pierce" mgeni atamwelekeza kwa sonara. Godi alicheka sana nilipomwambia hilo, halafu akanyamaza, nadhani naye yuko kwenye mkumbo huo.

Kurasa nyingine ziko vizuri kweli. Sehemu ya vifaa vya kambi sikuigusa hata nukta. Ile ya salamu Mama Upendo ameipunguza mno, wageni wanapenda shikamoo, irudishe.

Sasa nijibu haya. Mchapaji umeshamlipa yote au kianzio? Anatoza kwa ukurasa au kwa nakala, maana ukurasa wa P utakuwa kurasa mbili? Makarani wameagiza kwa maandishi au ni maneno ya Mwalimu Shirima? Kuna mtu wa hospitali amepitia maneno ya mwili, au ni sisi wawili tu? Herufi þ mashine yao inaitoa, au itatoka kiboksi kitupu? Na sehemu ya S hukuiweka kwenye bahasha, imeandikwa au bado unaikimbia? Naogopa nikifikiria ulivyolifanya "stab".

Godi anashuka tena Alhamisi asubuhi. Mpe S ilivyo, hata kama ina makovu, na risiti ya mchapaji.

Wako,
Nanyaro

Baada ya kusaini: "punctual" nayo ni ndugu wa "puncture", zote ni za kuchoma kwa ncha, nukta, wakati kamili. Iweke kama mfano. Halafu uje kikao cha harusi ya Eliapenda saa tisa, saa tisa kweli.